Kumbukumbu ya mradi wangu, mwezi wa nne: waliovuka Ruvuma

Rekodi za sauti za wazee waliovuka mto Ruvuma kukimbia vita vya Msumbiji zimefika kumi na moja. Mwezi uliopita zilikuwa saba na nilikuwa nimeanza kukata tamaa, kwa sababu kila mzee niliyemuuliza habari za vita alinijibu kama taarifa ya redio: FRELIMO (chama kilichopigania uhuru wa Msumbiji), kambi yake ya Nachingwea, kiongozi wake Mondlane, uhuru. Hayo yameshaandikwa. Mimi natafuta ya nyumbani: nani alilala wapi, nani alimpa nani mbegu.

Kwa anayeanza kunifuata leo: vita vya ukombozi wa Msumbiji vilianza tarehe 25 Septemba 1964 kule Cabo Delgado, ng'ambo tu ya mto, na watu wakaanza kukimbilia huku Mtwara. Baadhi walipelekwa kwenye makazi ya wakimbizi ya Rutamba, Lindi. Hao angalau walihesabiwa. Wengine hawakufika kambi yoyote. Walifikia kwa ndugu, maana Wamakonde wapo pande zote mbili za Ruvuma. Hawa ndio ninaowatafuta.

Kilichobadilika ni swali. Kijiji kimoja upande wa Kitaya nilimkuta bibi akipalilia mihogo. Baada ya shikamoo sikugusa vita. Nilimuuliza, mlipovuka mlibeba nini? Akaacha kupalilia, akanipeleka uani, akachomoa kwenye makuti ya jiko kipande cha jembe kilicholika hadi kubaki kama kiganja. Upande mmoja umelika zaidi. Mama yake, ambaye ndiye aliyekuwa nalo, alikuwa wa mkono wa kushoto.

Mama huyo alilitoa mpini, akalifunga kwa kanga mgongoni, mbegu akajitwika kichwani. Jogoo walimchinja jioni ile ile, asije akawika njiani. Wakavuka usiku kwa mtumbwi. Mpini mwingine ulichongwa huku.

Lakini muhogo unataka miezi, na tumbo halingoji. Msimu ule wa kwanza walikula ming'oko waliyochimba porini pamoja na wenyeji wao. Shamba walilopewa halikuandikwa popote. "Shangazi alinyoosha kidole, mjukuu wangu, akasema anzeni pale kwenye mkorosho." Hapo rekodi ina dakika nne, na ndizo nilizozisikiliza mara nyingi kuliko zote.

Tarehe bado zinanisumbua, kwani hakuna anayeniambia 1966. Sasa nauliza: ilikuwa kabla Mondlane hajauawa au baada? Aliuawa tarehe 3 Februari 1969, na hilo wazee wanalikumbuka vizuri. Alama nyingine ni mwaka 1971, Lindi ilipokuwa mkoa. Kabla ya hapo ilikuwa ndani ya Mkoa wa Mtwara, kwa hiyo anayetafuta karatasi za Rutamba za miaka ya mwanzo aanzie Mtwara.

Rekodi mbili zimeharibika, mvua juu ya bati. Siku hizi narekodi asubuhi chini ya mwembe. Kunakili nako kunakwenda taratibu: bibi akifika penye uzito anahamia Kimakonde, nami naandika kwanza alivyosema, Kiswahili kitafuata.

Jumamosi narudi. Shangazi yule bado yu hai, kijiji cha pili, na katika rekodi zote kumi na moja sina hata mwenyeji mmoja aliyewapokea wageni. Nitaanza kwa kumuuliza nani alichonga ule mpini.