Mkwawa wa Koti

Wiki iliyopita dereva mmoja wa bajaji alinifuata kibandani, Ipogolo, anataka nyuma ya chombo chake niandike "Mungu Hana Haraka", na juu ya maandishi nimchoree mtu. Akatoa simu. "Huyu hapa, fundi. Yule Mkwawa wa koti."

Picha ilikuwa imepita kwenye simu nyingi mpaka imepauka. Kuna aliyeibandika maandishi ya njano, SHUJAA WETU, na pembeni inaonekana ndala ya mtu asiyejulikana na nusu ya goti langu. Nikamwambia arudi Jumanne na advansi. Habari ya goti sikumwambia.

Kuna wenzangu mmekuwa mkiniuliza kuhusu ile picha nikawa nakwepa. Leo acha niseme.

Ilikuwa Julai, kabla ya korona. Walifunga kipande cha barabara karibu na soko kuu, toka asubuhi hadi saa kumi na mbili jioni, wakatugawia lami: kila mchoraji mraba wa mita mbili kwa mbili uliopigwa mstari wa chokaa. Tulikuwa mchanganyiko. Wanafunzi wa vyuo, walimu wa sanaa, vijana wa Tingatinga waliopanda basi toka Dar, na sisi tunaokula kwa kuandika "Duka la Dawa" ukutani. Mada: Mji Wangu.

Mwalimu aliyeandaa shughuli alikuwa amesoma Italia, akatupa semina fupi tukiwa tumeshika vikombe vya chai, mikono inatetemeka kwa baridi. Akasema kule kuna wachoraji wanaoitwa madonnari, waliokuwa wakizunguka mji hadi mji wakimchora Bikira Maria chini, nje ya makanisa, wapita njia wakiwarushia sarafu. Na kwamba kijiji kimoja, Grazie, karibu na Mantova, tangu 1973 kinawakusanya kila tarehe 15 Agosti, sikukuu ya Kupalizwa, wanachora mbele ya kanisa. Mama mmoja wa Tosamaganga, ambaye Waitaliano anawajua kupitia mapadre wa Konsolata, akauliza: "Halafu watu wanamkanyaga?"

"Wanazunguka," mwalimu akajibu.

"Na mvua?"

"Mvua haizunguki."

Tukacheka, tukaenda kwenye miraba yetu.

Chaki ya shule, kwa wasiojua, ni jasi. Ngumu, rangi yake hafifu, na ukiisugua kwenye lami kavu upepo wa Iringa unaondoka na nusu ya kazi. Kwa hiyo unaiponda, unaikoroga na maji na sukari kidogo ili ishike, unapaka kwa brashi tabaka la kwanza, likikauka ndipo unasugua chaki kavu juu yake. Hilo lilikuwa jepesi. Tatizo lilikuwa jingine: boksi la chaki za rangi halina mtu mweusi ndani yake. Kuna buluu, kijani, waridi, njano. Ukitaka ngozi yetu unajitafutia. Mimi nilikwenda na mkaa uliosagwa na udongo mwekundu niliouchuja kwa soksi. Watu wa kale waliochora mwambani pale Igeleke, nje kidogo ya mji, walitumia rangi nyekundu na inaonekana mpaka leo, nikaona si vibaya kujaribu.

Nikaamua kumchora babu. Babu mzaa mama, Mbena wa Lupembe, mpasua mbao. Iringa alikuja mara chache kuuza mbao na hakuipenda, alisema watu wake salamu zao haziishi mpaka bei inapanda. Kwa nini nilimweka yeye kwenye mada ya mji asioupenda, sina jibu la maana. Uso wake naujua bila kutazama picha, basi.

Mraba wa kwanza kabisa alikuwapo kijana wa Mbeya aliyechora korongo la Isimila, nguzo zile za udongo zikishuka chini kabisa, kwa ule mtindo alioanzisha Mmarekani Kurt Wenner miaka ya 1980: ukisimama mahali pamoja palipowekwa alama unaona shimo la kweli, ukisogea pembeni unaona rangi zilizovutwa vibaya. Watu wakapanga foleni wapigwe picha wakijifanya wanatumbukia. Huku kwetu mwisho hakukuwa na foleni, na hilo lilinifaa.

Maana kwa mtu wa mabango, hakuna kazi ngeni kuliko hii. Ukutani unawapa watu mgongo, wanapita zao. Chini wanakuzunguka, wanasimama juu ya kichwa chako, wanakuelekeza.

"Fundi, pua imezidi."

"Mwache, ndivyo alivyo."

"Ndivyo alivyo nani?"

Jina lilizaliwa hapo, nyuma ya mgongo wangu. Mmoja akasema Mkwawa. Mwingine akasema naam, huoni jicho? Sasa jicho la kushoto la babu lilikuwa limefumba kidogo. Ujana wake wote alikuwa mtu wa chini kwenye ule msumeno wa watu wawili, yule anayesimama shimoni na kupokea unga wa mbao usoni. Kwa watu wale likawa jicho la mtu anayelenga.

Yapata saa nane, uso ulikuwa tayari. Shingo nimeifikisha pale inapoanza kola, na hapo ndipo mstari wa chokaa ulipopita, mraba ukaisha. Nilikuwa nimepiga magoti juu ya kiroba, naweka kivuli chini ya kidevu, nikaona fimbo. Ilisimama nje ya mstari, haikuuvuka. Nyuma ya fimbo gambuti, juu ya gambuti koti refu, juu ya koti mzee.

"Kamwene."

"Kamwene. Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Huyu nani?"

Watu wakanyamaza kusikia.

"Babu yangu, mzee."

Akakaa akimtazama, kisha akaitikia kwa kichwa, taratibu, mara mbili. "Umesema vema," akasema. "Babu yetu sote."

Nikafungua mdomo niseme Lupembe. Niseme mbao. Lakini alikuwa ameshawageukia watu, na mzee wa Kihehe akishaanza kusimulia habari ya Mtwa, yaani chifu wao Mkwawa, huwezi kumkatiza kwa habari za mbao. Akaanza Lugalo, tarehe 17 Agosti 1891, Zelewski, kamanda wa Wajerumani, alivyoingia na askari wake na bunduki zao, na mikuki ilivyowatokea kabla hawajajipanga. Akaja Kalenga, ngome ilivyopigwa kwa mizinga 1894. Akaja kule porini, 1898, Mkwawa alivyojipiga risasi ili wasimshike mzima, nao wakamkata kichwa, wakakipeleka kwao. Akataja Versailles, akaitamka kwa namna yake, ule mkataba wa 1919 ulioandika kwamba kichwa kirudishwe. Na bado kikakaa huko mpaka 1954. Bodaboda mmoja alikuwa amezima pikipiki. Wanafunzi wa msingi waliotumwa sokoni walikuwa wameweka vikapu chini.

Kisha akanigeukia mimi. Hakupandisha sauti.

"Sasa, mwanangu. Kichwa kilikwenda peke yake. Kikarudi peke yake. Na wewe unakiweka hapa barabarani, peke yake?"

Nikatazama chini. Tangu asubuhi nilikuwa naona picha ya uso, ile ya kawaida, ya kitambulisho. Nilipoitazama tena niliona shingo iliyokatwa na mstari mweupe, umenyooka, na udongo mwekundu umevuja kidogo pale nilipozidisha maji. Nikajikuta nimeweka kiganja juu ya mstari ule, kuufunika. Kiganja chenyewe kilikuwa cheusi kwa mkaa.

"Mwili uko wapi?" mtoto mmoja akauliza, na mama yake hakumnyamazisha.

Ningeweza kusema: mzee, mtu huyu kichwa chake na mwili wake vimezikwa pamoja Lupembe, kwenye kaburi moja, nilikuwapo, nilishika sepeto. Maneno yalikuwa tayari mdomoni. Lakini kweli nilikuwa nimeshaisema mara moja, na ilikuwa imeshachukuliwa, ipo mikononi mwa watu wengine. Kuidai tena mbele ya wale watoto kungekuwa kumpokonya mzee kitu. Au labda nilipenda kutazamwa vile. Mtu wa mabango hatazamwi.

"Nimwekee mwili?" nikauliza.

"Mwekee."

Mraba ulikuwa umeisha, na mraba uliofuata ulikuwa wa binti mmoja wa chuo aliyekuwa akichora parachichi kubwa lililopasuliwa, kokwa lake likimeta, kazi nzuri kuliko yangu. Hakuombwa. Alishika tambara, akafuta nusu ya parachichi lake, akasogeza chaki zake pembeni. "Pitisha, kaka. Maparachichi yapo mengi."

Nikapitisha mabega. Na hapo nikakwama, kwa sababu mwili wa Mkwawa siujui. Mwili ninaoujua ni mmoja tu, wenye bega la kulia lililoshuka kwa kuvuta msumeno, na juu yake koti zito la kijivu la mtumba ambalo babu alilivaa ibadani na alilivaa shimoni, lina vifungo vitatu, cha katikati kimeazimwa kwenye nguo nyingine. Mkono ukalichora. Nilikoleza sukari humo ili lishike.

Kijana mmoja akacheka. "Mkwawa na koti, wapi na wapi?"

Wote wakamgeukia mzee. Mzee akalitazama koti la lami, akajitazama na lake.

"Iringa hii," akasema, "Julai? Mwacheni avae."

Hapo ndipo picha ilipigwa, ile mnayoiona, na goti langu ndani.

Yaliyobaki yalikwenda haraka. Korongo la kijana wa Mbeya lilichukua zawadi ya kwanza, na lilistahili. Mimi nilipewa cheti na fulana. Saa kumi na moja na nusu askari wa barabarani akaanza kutazama saa, malori yamejaa huko chini, ndipo ikaonekana kwamba mzee hajaondoka. Mama wa matunda alimpa kigoda, amekaa pembeni ya mraba, fimbo mapajani. Akasema gari halitapita juu ya mtu huyu. Hakugombana na askari, alisema tu. Mwishowe tukaazima ndoo kwa mama ntilie, binti wa parachichi akaleta ufagio, bodaboda akashika mwingine, tukamwosha sisi wenyewe kabla ya tairi la kwanza. Uso ulitoka upesi, maana mkaa haushiki. Koti lilisumbua. Tulisugua mpaka mama ntilie akataka ndoo zake.

Mzee aliniaga kwa kunishika mkono kwa mikono yake miwili, mkaa na vyote. Jina lake sikuuliza. Langu hakuuliza.

Baadaye nilisoma jambo ambalo pale barabarani hakulitaja. Kwamba Twining, gavana Mwingereza wa Tanganyika, alipokwenda Bremen, Ujerumani, kutafuta fuvu, alikuta mkusanyiko mkubwa wa mafuvu, akachagua kwa vipimo, akilinganisha na vipimo vya kichwa vya ndugu wa ukoo waliokuwa hai. Ndilo lililopo makumbusho ya Kalenga. Nimekwenda kulitazama, nikasimama mbele ya kioo muda mrefu kuliko wenzangu wote wa siku ile, mpaka mtunzaji akaja kuniuliza kama nina swali. Nikamwambia sina. Siwezi kumwambia mtu wa Kalenga ninachofikiri kuhusu vipimo na kufanana, mimi ambaye jicho la babu yangu lilitosha. Na kusema kweli sijui ninachofikiri. Wale watu walilia 1954 kwa machozi yao wenyewe.

Mama aliipata picha kwenye kundi la kwaya, Njombe, imeandikwa Mtwa Mkwawa na mistari ya pongezi. Akanipigia usiku. Swali lake la kwanza: "Mbona kifungo cha katikati umekiweka cheusi? Kilikuwa cha kahawia." La pili halikuwa swali. Alinikumbusha hadithi ambayo babu mwenyewe alikuwa akisimulia, kwamba babu yake yeye, akiwa mtoto, alibebwa mgongoni usiku kukimbilia milimani, siku mashujaa wa huyo huyo Mtwa walipokuja kuchukua ng'ombe. "Sasa ndiye wamemfanya," akasema. Nikasubiri aseme kama ni vibaya. Hakusema. Kwenye kwaya hakumsahihisha mtu, ila nasikia kila picha ikitumwa anaweka alama ya mikono iliyofumbatana, ambayo watu wanaielewa wanavyotaka.

Mjomba ndiye mwenye msimamo. Sikukuu zote akishakunywa ulanzi anasema familia tuandike barua, uso ni wetu, watulipe, na katika hesabu waingize wale ng'ombe, pamoja na ndama waliozaliwa tangu wakati ule.

"Nenda Kalenga ukadai," mama humwambia. "Nauli nitakupa. Ya kwenda."