Kati ya Ngapi?

Majira ya baridi ya mwaka 2010 nilikuwa mwanafunzi, nimepanga chumba katika nyumba ya bibi mmoja huko Minnesota, na usiku wa Olimpiki ya Vancouver tulikaa naye sebuleni kutazama wanawake wakiteleza kwa madaha kwenye barafu, mchezo ambao mimi niliyekulia Tanga sikuwahi kuufuatilia. Yuna Kim wa Korea Kusini alipomaliza, televisheni ilionyesha jumla ya alama 228.56. Nikamwuliza bibi: kati ya ngapi? Alikiri kwamba hata yeye hajui, ingawa mchezo huo aliufuatilia tangu ujana wake.

Mara nyingi husemwa kwamba mchezo huu umepoteza watazamaji Marekani kwa sababu watu wamehamia kwingine. Mimi naona jibu hilo halitoshi. Zamani alama ya juu kabisa ilikuwa 6.0, na kila jaji alionekana na nchi yake. Mwaka 1984 katika Olimpiki ya Sarajevo, Torvill na Dean, wachezaji dansi wa barafuni kutoka Uingereza, walipopewa 6.0 za usanii na majaji wote tisa, hakuhitajika mtaalamu wa kueleza kilichotokea. Aliyeona jaji amependelea alimlaumu waziwazi, kama sisi tunavyomlaumu refa wa Simba na Yanga.

Ni kweli kwamba kilele chenyewe cha watazamaji hakikuwa cha kawaida. Januari 1994 Mmarekani Nancy Kerrigan alipigwa rungu gotini huko Detroit, katika njama iliyomhusisha aliyekuwa mume wa mpinzani wake, Tonya Harding. Kerrigan na Harding walipokutana kwenye Olimpiki ya Lillehammer mwezi uliofuata, karibu nusu ya nyumba zenye televisheni Marekani zilitazama. Wengi walikuja kwa ajili ya kisa, na kisa kilipokwisha wakaondoka.

Lakini wale waliobaki, akina bibi, ndio waliofungiwa mlango. Mwaka 2002 katika Olimpiki ya Salt Lake City jaji wa Ufaransa alidai kushinikizwa awape ushindi Warusi katika shindano la jozi, na Wakanada Salé na Pelletier wakapewa nao dhahabu, sawa na Warusi. Mfumo uliokuja baada ya hapo huupa kila mruko na kila mzunguko thamani yake, kisha huongeza au kupunguza kwa ubora, wala hauna kikomo kinachojulikana. Kipimo hicho ni cha haki zaidi, nakubali. Ila dawa ya upendeleo ikawa ni kuficha alama ipi imetoka kwa jaji yupi, hali iliyodumu hadi mwaka 2016!

Japani inanipinga kidogo, kwani huko tarakimu hizohizo hazikuwazuia mashabiki kummwagia nyota wao Yuzuru Hanyu vidubu vya kuchezea vya Winnie the Pooh uwanjani. Wao walikuwa na Hanyu; Wamarekani, baada ya nyota wao Michelle Kwan kujitoa Olimpiki ya Torino na Kimmie Meissner kutwaa ubingwa wa dunia mwaka 2006, walisubiri hadi 2025 kumwona mwanamke wao mwingine, Alysa Liu, akiwa bingwa wa dunia.

Usiku ule bibi alikuwa na kidaftari mapajani, na kando ya jina la Yuna Kim aliandika 5.9 kwa penseli. Nikamwuliza kwa nini asimpe 6.0. Akanijibu kwamba Mao Asada wa Japani bado hajaingia uwanjani.