Siku Moja Maishani Mwangu: Siku ya Kulowesha Mayai ya Kilifishi

Saa 12:00 asubuhi

Kabla sijawasha taa za matangi naangalia chupa ya artemia, vijidudu vya maji ya chumvi ninavyoangua kulisha vifaranga wa kilifishi, samaki wadogo ninaowafuga. Baadhi ya kilifishi, kama Nothobranchius, hutaga ardhini kwenye madimbwi yanayokauka, na mayai yao hulala nje ya maji mpaka yaloweshwe. Siku ya kulowesha mayai huanza na chakula. Kifaranga wa Nothobranchius huzaliwa na akiba ndogo mno ya kiini, na akikosa chakula hai siku ya kwanza anadhoofika hata kama kwa macho anaonekana anaogelea vizuri. Artemia wasipoanguliwa, mfuko wa mayai unarudi kabatini mpaka kesho. Mayai yanaweza kungoja, vifaranga hawawezi.

Chupa ni ya plastiki, imekatwa kitako na kusimamishwa kichwa chini. Ndani kuna lita 1 ya maji, gramu 25 za chumvi, nusu kijiko cha chai cha mayai ya artemia, na mrija wa hewa uliofika hadi shingoni ili yasitulie chini. Kwa nyuzijoto 27 na taa karibu, saa 24 zinatosha. Yakichelewa, mara nyingi chanzo ni baridi, au kopo liliachwa wazi likavuta unyevu.

Nazima hewa dakika 10. Maganda yanaelea, mayai mabovu yanazama, na artemia wenyewe, wekundu wa machungwa, wanakusanyika penye mwanga. Nawavuta kwa mrija mwembamba hadi kwenye kitambaa kilichofumwa kwa kubana, nawasuuza kwa maji ya kawaida. Usikimbilie hatua hii. Maganda yakimezwa huziba utumbo wa kifaranga, na maji ya chumvi ukiyamimina kila siku kwenye tangi dogo yanabadilisha maji yote bila wewe kujua.

Saa 1:00

Nawasha taa na kukagua samaki wakubwa kabla ya kulisha, maana samaki aliyeshiba na samaki anayeumwa wote hutulia. Mwenye njaa na afya anakuja mbele ya kioo. Anayebaki nyuma amebana mapezi namwangalia kwa tochi kutoka ubavuni. Vumbi jembamba la rangi ya dhahabu juu ya ngozi ni vimelea vya Piscinoodinium, na Nothobranchius huwapata kirahisi kuliko kilifishi wengine. Mara nyingi mashavu huanza kwenda mbio kabla vumbi halijaonekana. Ndiyo maana matangi yao yana gramu 1 ya chumvi kwa kila lita wakati wote. Aphyosemion australe wa Gabon, anayependa maji laini, simpi.

Chakula ni viluwiluwi vya mbu na minyoo myekundu iliyogandishwa, kiasi cha kuisha ndani ya dakika 3. Viluwiluwi viwekwe kwa hesabu: kisicholiwa leo kitakuuma keshokutwa.

Saa 2:30

Sasa mfuko wenyewe. Mayai ni ya Nothobranchius guentheri, yule wa madimbwi ya Unguja ambaye dume lake lina mkia mwekundu wenye ukingo mweusi. Yamekaa ndani ya kokopiti, ule unga wa makumbi ya nazi wanaooteshea miche, miezi 3 hivi kwenye nyuzijoto 24.

Tarehe ya kwenye lebo ni makadirio tu. Kinachoamua ni jicho la kiinitete. Nachambua mayai 10 kutoka sehemu mbalimbali za mfuko, nayaweka juu ya kioo na kuyatazama kwa lenzi inayokuza mara 10. Yai jeupe limekufa. Yai angavu lisilo na kitu ndani bado limelala. Yai lililokomaa linajaa mwili uliojikunja, na macho mawili meusi yamezungukwa na pete ya dhahabu. Yakiwa 7 au 8 kati ya 10 yana pete hiyo, nalowesha. Yakiwa 3, nafunga mfuko na kurudi baada ya wiki mbili.

Hapa ndipo wengi wanapokosea, kwa kudhani kwamba mayai ya siku moja hukomaa pamoja. Kiinitete cha samaki hawa kinaweza kusimama katika vituo vitatu: mwanzoni kabisa, katikati wakati mgongo umeshaanza kuonekana, na mwishoni kikiwa tayari kutoka. Katika dimbwi linalokauka hiyo ndiyo kinga ya kizazi. Mvua ya kwanza ikidanganya na dimbwi likakauka tena, waliotoka wote wanakufa, lakini waliolala bado wapo udongoni. Kwa hiyo mfuko mmoja hautoi vifaranga wote kwa mkupuo, na anayemwaga kokopiti baada ya kulowesha mara moja anatupa samaki wake mwenyewe.

Namimina kokopiti kwenye beseni pana, naongeza maji ya nyuzijoto 17 mpaka kina cha sentimita 3, nakoroga taratibu. Juu yake nanyunyiza unga kidogo sana wa chakula cha samaki, ncha ya kisu tu. Bakteria wakianza kuula wanapunguza oksijeni, na upungufu huo ndio unaoliambia yai lipasuke. Ukizidisha unga, maji yanaoza kabla ya jioni. Kina nacho kina sababu yake: kifaranga lazima afike juu avute hewa kujaza kibofu chake cha kuelea. Beseni likiwa na kina cha sentimita 10, wengi watachoka njiani.

Saa 4:00

Kubadilisha maji, nusu ya kila tangi la Nothobranchius, kwa sababu samaki hawa hula sana na kuchafua sana. Klorini ya kawaida hutoka maji yakipigwa hewa kwa saa 24. Kama mamlaka ya maji inatumia kloramini, kupiga hewa hakutoshi, tumia dawa ya kuiondoa. Joto la maji mapya lisipishane na la tangi kwa zaidi ya nyuzi 2. Sponji la chujio linakamuliwa ndani ya maji yaliyotolewa tangini. Likioshwa bombani, bakteria wanaokula amonia wanakufa.

Saa 6:30 mchana

Zamu ya wale wasiotaga ardhini. Fundulopanchax gardneri wa Nigeria na Kamerun, na australe, hutaga kwenye mopu: nyuzi 30 za kufumia za akriliki, kijani iliyoiva, urefu sentimita 20, zimefungwa kwenye kizibo kinachoelea. Zichemshwe kabla ya kutumika mpaka zisitoe rangi.

Nakamua mopu kwa kiganja na kuipanua uzi kwa uzi. Mayai ni madogo, milimita moja na kidogo, na unayaokota kwa vidole. Usiogope: yai zima ni gumu na linabingirika, linalopasuka ukiligusa lilikuwa limeharibika. Yanaingia kwenye kibakuli chenye maji ya tangi na tone la methilini ya bluu, dawa ya kuzuia ukungu, na kila siku naondoa meupe kabla ukungu haujaruka kwa jirani. Baada ya wiki 2 hadi 3 yanaanguliwa. Yaliyokomaa yakagoma, yatie kwenye kichupa kidogo chenye maji, tembea nacho mfukoni nusu saa. Mtikisiko na joto la mwili kwa kawaida humaliza ubishi.

Majike wa Aphyosemion wa aina mbalimbali wanafanana mno. Tangi moja, aina moja, na usiamini kumbukumbu yako, andika.

Saa 9:00 alasiri

Natoa kopo la kutagia la guentheri, dume 1 na majike 3, maana majike wachache wanasumbuliwa mpaka wanachanika mapezi. Kopo lina mfuniko wenye tundu, na kokopiti iliyochemshwa na kusuuzwa mpaka maji yakaacha rangi. Namwaga kwenye kichujio, nakamua kwa mkono, natandaza juu ya gazeti.

Unyevu ndio mtihani. Ukiminya, tone lisitoke. Ukiachia, kokopiti ifumuke yenyewe. Ikiwa majimaji mayai yanaoza, ikikauka yanabonyea katikati na hayafufuki. Kisha mfukoni, pamoja na lebo ya penseli: aina, asili ya samaki, tarehe ya leo, tarehe ya kuchungulia kwa lenzi.

Saa 11:30 jioni

Kwenye beseni vifaranga wa kwanza wanaonekana kama vipande vya uzi vinavyoruka. Nawahamisha kwa kijiko, wavu unawaumiza, hadi kwenye tangi dogo lenye maji ya kina kilekile, na artemia matone machache. Baada ya dakika 10 matumbo yanakuwa ya machungwa. Tumbo lisilo na rangi ni kifaranga asiyekula.

Wapo wanaojivuta chini kwa matumbo bila kuweza kupanda. Hao kibofu chao hakikujaa hewa, mara nyingi kwa kuloweshwa mapema mno au kuchelewa mno. Wachache hupona ndani ya siku moja. Wanaobaki nawaondoa, na sitagishi kamwe aliyeanza hivyo.

Saa 2:00 usiku

Nalisha vifaranga mara ya pili na kunyonya mabaki. Naanzisha chupa ya pili ya artemia, saa 14 hivi baada ya kuvuna ile ya asubuhi, kwa kuwa artemia anayekaa bila kuliwa anatumia mafuta yake mwenyewe na kuwa chakula duni. Mifuniko yote inabanwa, na tundu la mrija wa hewa linazibwa kwa sponji: kilifishi hurukia tundu lolote linalomtosha.

Beseni linabaki na taa hafifu, wengine watatoka alfajiri. Kesho mchana kokopiti ileile inakamuliwa, inarudi mfukoni, na lebo inaandikwa "mara ya 2, baada ya wiki 4".