Kuni zangu, turubai la shemeji na mizani ya Mangi

Huku Njombe kila mtu ni mtaalamu wa kuni. Kirikuu, gari dogo la mizigo, imwage mzigo wa kuni za miti ya muwati uani, hata haijageuza, mashauri yameshafika: anika juani, egemeza ukutani, rundika nyuma ya choo, funika. Shemeji yangu alikuja na la kwake, akaja na turubai kabisa. "Shem, funga kotekote mpaka chini, bana na mawe. Joto la humo ndani litazikausha lenyewe." Alisema kwa uhakika wa mtu ambaye kwake wanapikia gesi.

Tukafunga. Ilikuwa mwezi wa tano, mvua zimekatika, na rundo lilipendeza kweli, majirani wakasifia. Julai baridi ilipokolea, ile baridi ambayo kule Makete sakitu (umande ulioganda) hulala mabondeni, nikafungua turubai nianze kula matunda ya subira. Kilichotangulia kutoka ni harufu, kama pombe ya komoni iliyochacha. Upande wa ndani wa turubai matone yananing'inia, maganda yana ukungu mweupe, na kwenye safu ya chini, iliyolala moja kwa moja kwenye udongo, mchwa wameshajenga. Uyoga nao ulikuwepo, tena si wa kula. Siku hiyo maharage yalichemka saa zisizojulikana. Ukuni ukiwa mbichi, moto unaanza kwa kuchemsha maji yaliyomo ndani yake ndipo uanze kuwaka, na wewe unabaki kupuliza huku povu linatoka kwenye ncha na machozi yanakutoka. Mume wangu alikula nje, amevaa koti.

Shemeji aliposikia alisema sikubana mawe vizuri.

Hapo nikaachana na mashauri nikaangalia kamba yangu ya nguo. Kuna sehemu kati ya nyumba na banda la ng'ombe ambapo upepo hupita kama umeitwa, na nguo hukauka hapo hata siku ya mawingu. Nikajiuliza, kama suruali ya jinzi inakauka pale, ukuni una ubishi gani? Nikahamishia kuni zote huko. Chini niliweka tofali, juu yake mirunda (nguzo) miwili ya mlingoti, yaani mkaratusi, ndipo kuni. Ukutani nikaacha nafasi ya mtu kupita kiubavu. Juu, bati chakavu lililoinama kidogo ili maji yamwagike nyuma, basi. Pembeni kote wazi. Kuni zinataka kofia, hazitaki koti. Mwisho wa safu nilipanga kwa kukingamisha, mbili hivi na mbili vile, ili rundo lijishikilie lenyewe lisinimwagikie miguuni.

Sasa utajuaje zimekauka? Wengine hugonganisha mbili wasikie mlio: kavu hulia ko, mbichi hulia bu. Wengine hutazama nyufa kwenye ncha. Yote sawa, lakini mimi nilitaka ushahidi wa kumwekea shemeji mezani. Nikachukua kuni chache za unene tofauti, nikazipaka ncha rangi ya kucha ya binti yangu (hajajua bado), nikazipeleka dukani kwa Mangi nipime kwenye mizani ya sukari.

"Mama, leo unanunua au unaniuzia?"

"Pima tu, Mangi. Sukari nitachukua."

Ukuni mmoja wa muwati ulikuwa kilo tatu na robo. Nikaandika kwa peni palepale kwenye mti, nikaurudisha katikati ya rundo, maana wa pembeni hukauka upesi na utakudanganya. Kila nikienda dukani, natembea na ukuni kwapani kama kuku wa kuuza. Watu walishaanza kuulizana. Uzito ulishuka haraka mwanzoni, halafu polepole, mpaka ukasimama kwenye kilo mbili na kidogo, na safari iliyofuata ukawa uleule. Maana yake zaidi ya lita moja ya maji imetoka kwenye ukuni mmoja! Ukisimama hivyo, choma. Na zile za turubai, nilipozibeba siku ya kuhama, niliziona nzito karibu sawa na siku zilipoletwa.

Milingoti ni habari nyingine. Ichanje ikiwa mbichi, wiki ileile ikishuka kwenye gari. Ukiiacha ikauke ikiwa gogo, nyuzi zake zilizosokotana hukaza na shoka linadunda. Kijana niliyemlipa achanje ya zamani aliacha shoka limenasa kwenye gogo, akaenda kunywa chai, akarudi kesho yake na kabari mbili na bei mpya. Miwati haina maringo hayo, na ukipata ile iliyomenywa ganda kwa ajili ya dawa ya kusindika ngozi za wanyama, chukua, kwa sababu ganda ndilo linalofungia maji ndani. Paina mimi nawashia tu. Ina utomvu, inakoleza masizi kwenye sufuria na dari.

Gharama? Tofali zilikuwepo, bati liling'olewa kwenye banda, mirunda bei ya soda kadhaa. Kubwa ni sukari ya Mangi, ambayo nilinunua kwa aibu hata nikiwa nayo nyumbani.

Nunua mvua zikikatika, Mei au Juni, ili kipupwe chote na upepo wake kikufanyie kazi kabla ya Novemba. Miwati niliyochanja nyembamba, ya unene wa kiganja, iliwahi. Mlingoti mnene bado. Ukuni wake wenye rangi ya kucha unaendelea kupungua kila nikiupima, kwa hiyo rundo lile haliguswi na mtu mpaka mvua zipite, hata shemeji akija na wageni wake usiku.