Genichiro Alinishinda, Nikaenda Kulala

Diski ya Sekiro, gemu ya video ya kupigana kwa upanga, nilimpa mpwa wangu Jumapili moja sokoni Kibuye, imelala juu ya nyanya, na sijaidai.

Nauza dukani hapa Kisumu. Nikifika nyumbani Nyamasaria ni chakula, kuogesha mtoto, kumlaza. Muda wangu wa gemu ni saa tatu na nusu hadi nne na nusu usiku. Ukitoa siku za uchovu na siku stima inapopotea, nabaki na saa tatu kwa wiki.

Nilikwama kwa adui mmoja wa gemu hiyo, Genichiro Ashina, kule juu ya ngome. Ndiye anayekukata mkono mwanzoni mwa gemu, kwa hiyo nilikuwa na kisasi naye. Sasa, gemu nyingine ukikwama unapunguza ugumu, au unazurura ukiua vijitu vidogo mpaka upate nguvu. Sekiro, iliyotoka Machi 2019, haina pa kuchagua ugumu, na kuua vijitu hakukusaidii sana. Lazima ubonyeze L1, kitufe cha kukinga, pale pale upanga wake unapogonga wako, pigo kwa pigo, mpaka ayumbe ndipo umchome. Mkono unatakiwa kujua kabla ya kichwa, na mkono haujifunzi kwa saa moja Jumanne na nyingine Ijumaa. Nusu saa ya kwanza nilikuwa natafuta nilichokijua juzi. Nusu saa ya pili nilikuwa nakufa.

Usiku mmoja nilimchoma mara mbili. Akavua mavazi ya vita, akaanza kurusha radi. Dawa yake naijua: unaruka, radi inakupata ukiwa hewani, unamrudishia kabla hujagusa chini. Niko hewani, mtoto akalia. Nikasimamisha gemu, nikambembeleza dakika ishirini. Kurudi, sikumaliza sekunde tatu.

“Baba Junior,” mke wangu akaniuliza, “hiyo ni burudani ama ni shifti ya usiku?”

Sikuwa na jibu, basi nikaanza kuweka tiki nyuma ya kalenda kila usiku niliolala nikiwa na furaha. Usiku tisa, tiki moja. Na hiyo moja ni ule usiku stima ilipotea, tukakaa nje na majirani tukitafuna njugu.

Pesa niliyonunulia diski iliniuma, ingawa ilikuwa ya mitumba. Gemu yenyewe siilaumu. Ilishinda tuzo ya gemu bora ya mwaka kwenye The Game Awards 2019, na ukiitazama unaona kwa nini. Inataka mtu mwenye jioni nzima.

Mpwa wangu anazo. Anasubiri kujiunga na chuo, na alimmaliza Genichiro kwa siku mbili, akanitumia video. Niliitazama ndani ya tuktuk nikienda kazini. Radi ilipoanza, kijana aliruka mapema mno, nami nikajikuta nimekanyaga sakafu kwa nguvu hadi dereva akageuka kuniuliza kama nashukia hapo.