Mkono Uje Mwisho

Mwishoni mwa Agosti 2015, siku chache baada ya Julius Yego kurusha mkuki mita 92.72 kule Beijing na kutwaa ubingwa wa dunia, kila mtu alitaka kurusha. Shule zilikuwa zimefungwa, tukapewa uwanja wa shule moja nje ya Eldoret kwa asubuhi nzima. Mimi nilikuwa msaidizi wa kocha. Kati ya waliojitokeza ninawakumbuka zaidi wawili, kwa sababu walikwama mahali tofauti kabisa: dada mmoja mshambuliaji wa voliboli, na mwalimu wa hesabu ambaye hakuwa na mchezo wowote.

Kocha alianza na mshiko. Mkuki unalazwa kimshazari kwenye kiganja kinachotazama juu, kidole gumba na cha kati vikishika ukingo wa nyuma wa kamba iliyozungushiwa mkuki mahali pa kushikia. Vikikaa katikati ya kamba, vidole havina pa kusukumia, na mkono unateleza nguvu ikifika.

Kisha mrusho wa kusimama. Kwa anayetumia mkono wa kulia, mguu wa kushoto unatangulia, mkono unanyooshwa nyuma, kiganja juu kidogo ya bega, ncha karibu na jicho. Goti na nyonga ya kulia ndivyo vinavyozunguka kwanza kuelekea mbele. Kifua kinafuata, halafu bega, kiwiko kikiwa juu, na kiganja mwisho kabisa. Mguu wa kushoto unakita bila kukunjika. Ukilegea, mwendo wote uliotoka chini unamezwa na goti badala ya kufika kwenye mkuki.

Mwalimu alikuwa mgumu kama mlango: nyonga, kiuno na bega vilisogea kwa pamoja. Nikolai Bernstein, mwanafiziolojia wa Kisovieti, aliieleza hali hii zamani. Anayeanza hukaza viungo vingi ili abaki na vichache vya kuongoza. Si uvivu wala uoga, ni hatua ya kujifunza. Kwa hiyo ukimtajia nyonga, kiwiko na goti kwa mpigo, atakaza zaidi. Kocha akaweka tairi la gari mita 8 mbele yake, akasema, “Mwalimu, sahau mkono. Choma kwa ncha nyasi zilizo ndani ya tairi.” Ncha ikaanza kutangulia, maana ili kuchoma karibu hivyo ni lazima usukume mkuki kupitia ncha yake, usiuinue. Tafiti za Gabriele Wulf na wenzake, tangu mwisho wa miaka ya 1990, zimeonyesha mara nyingi kwamba kulenga tokeo la mwendo hufundisha vizuri kuliko kufikiria viungo. Pale uwanjani ilionekana wazi.

Yule dada alikuwa na kiwiko kizuri mno, zawadi ya voliboli. Tabu ilikuwa miguuni. Mshambuliaji hugeuza mbio zake kuwa kuruka juu, naye alifika kwenye hatua ya kupishanisha, mguu wa kulia ukipita mbele ya wa kushoto, akaruka juu. Alitua mguu wa kushoto ukiwa umechelewa, ncha ikatazama mawingu, mkuki ukaanguka kwa tumbo. Katika mashindano, kichwa cha mkuki kisipotangulia kugusa ardhi, mrusho haupimwi.

Hakuhitaji kuambiwa “usiruke”; hilo humfanya mtu aufikirie mruko. Tulilaza fimbo mbili chini, akaambiwa avuke kwa hatua ndefu ya chini, kwa mwendo wa kutembea. Hatua 3 kwanza, kisha 5, mkuki wa gramu 500 badala ya 600. Kila mrusho wa tatu au wa nne tulisogeza fimbo kidogo, asije akakariri umbali mmoja. Mwanamichezo huja na mwendo uliokwisha kukomaa, na kuufungua huchukua muda kuliko kuanza upya; nadhani makocha wengi hukosa subira hapo.

Waliporusha karibu mara 25 kila mmoja, viwiko vilianza kushuka chini ya bega. Hapo ndipo kano ya upande wa ndani wa kiwiko huumia. Kocha akakusanya mikuki yote, foleni ikiwa bado ndefu, akagawa mipira ya tenisi.