Punda wa Mjomba Mpaka Stesheni

Mei 2022 bei ya petroli ilivuka shilingi 3,000 kwa lita, na bodaboda wa Kwihara, nje kidogo ya mji wa Tabora, hawakungoja kuambiwa mara mbili. Safari ya mjini niliyozoea kulipa elfu mbili ikawa elfu nne, na ukiwa na begi kubwa ni elfu tano, unatajiwa huku kijana ameshawasha pikipiki. Likizo yangu ilikuwa imekwisha, nilitakiwa kuwahi treni ya Kigoma nirudi kazini. Mjomba alisikia tunavyovutana bei nje ya ua, akatoka. "Nenda zako mwanangu," akamwambia kijana. "Mpwa wangu ana usafiri."

Usafiri wenyewe alikuwa punda.

Mjomba alitumikia jeshi la polisi Dar es Salaam, kikosi cha mbwa na farasi. Alipostaafu alirudi Unyamwezini na buti zake, brashi mbili, na hamu ya farasi isiyokuwa na dawa, maana huku kwetu si nchi ya farasi. Miyombo ina mbung'o, na mbung'o akishamwambukiza farasi ugonjwa wa nagana, mnyama anaishiwa damu, anakonda mpaka anakufa. Ndiyo maana misafara ya zamani ilibebwa kwa vichwa na mabega ya babu zetu. Stanley alipoondoka Bagamoyo mwaka 1871 kumtafuta Livingstone alikuwa na farasi wawili. Hakuna hata mmoja aliyeiona Tabora. Punda naye huugua, ila huvumilia zaidi. Mjomba alishapiga hesabu hiyo zamani. Akanunua punda kwa mfugaji wa Kisukuma, akaamua kumtunza kwa kanuni za farasi wa serikali.

Kanuni hizo nilizishuhudia alfajiri ile, mimi natazama saa, yeye hana habari. Alimpiga brashi kuanzia shingoni, akifuata ulalo wa manyoya, mpaka ule mstari mweusi unaokatiza mabegani ukang'aa. Akainua mguu mmoja mmoja, akauegemeza pajani kwake, akakwangua udongo kwenye kwato kwa bisibisi aliyoikunja ncha. Mguu wa nyuma ukatoa kijiwe kama punje ya hindi. Akaniwekea kiganjani. "Hiki kingetulaza njiani." Kisha blanketi la kukunja, juu yake shogi, ule mfuko wa mizigo unaoning'inia pande zote mbili za punda: begi langu upande huu, na upande wa pili mchele wa kuuza mjini, ili mzigo usiegemee. Nikauliza mimi nakaa wapi. Akanitazama kuanzia kichwani, macho yakatua tumboni.

"Mzigo umeshapanda, mpwa. Wewe una miguu."

Tukatembea. Tulipita karibu na lile tembe alilokaa Livingstone, tukafuata vivuli vya miembe, kwa sababu njia ya mjomba haikuwa ile fupi, ilikuwa ile yenye kivuli na maji. Akina mama wenye ndoo walitusalimu "Mwangaluka!" na kumsalimu punda pia. Mzaramo mmoja mwenye genge la chipsi, mtani wetu, alipiga kelele kwamba Wanyamwezi hatimaye wameacha kubeba mizigo kichwani. Mjomba hakumjibu. Alimwomba maji ya punda, akapewa beseni zima.

Lami tulikanyaga vizuri. Honi, malori, spika za duka la simu, punda hata sikio hakutingisha. Tatizo lilikuwa kivuko cha waenda kwa miguu. Alifika kwenye ule mstari mweupe wa kwanza, akashusha kichwa, akapiga breki. Nikamsukuma matakoni, ni sawa na kusukuma ukuta. Nyuma yetu bajaji, daladala, gari la maji, na bodaboda wote wa Tabora nadhani. "Anamwogopa shangazi yake pundamilia!" mmoja akasema, kituo kizima kikacheka.

Trafiki akaja taratibu. "Mzee, chombo kimezima?"

Mjomba akakaza miguu, akapiga saluti ya haja, akataja kikosi alichotoka. Yule kijana naye akajikuta amenyoosha mgongo. Kilichofuata sikukitegemea: akasimamisha magari pande zote mbili, akamwuliza mjomba anahitaji dakika ngapi.

"Yeye ndiye anayejua, afande. Anadhani ni shimo."

Hakuna aliyeshika fimbo. Mjomba alitoa pumba mfukoni, akamwaga kidogo juu ya rangi nyeupe, kisha akageukia pembeni kama mtu asiye na haraka. Punda akanusa. Akalamba. Akajaribu kwa kwato moja, akakuta pagumu, akavuka kivuko chote kwa mwendo wa bwana harusi. Watu wakapiga makofi.

Stesheni tuliambiwa treni imechelewa, itaingia jioni. Mjomba hakukaa kunisindikiza. Alishusha begi, akagusa mgongo wa punda chini ya blanketi kuona kama umechubuka, akasema jua likipanda zaidi huyu atateseka. Bodaboda mmoja aliyetufuata kutoka kwenye kivuko akamsogelea. "Shikamoo mzee. Mnyama kama huyu unaniuzia shilingi ngapi?"

"Marahaba. Unaamka saa ngapi?"

"Saa mbili hivi."

"Basi endelea na pikipiki," mjomba akasema, akakaza kamba ya shogi.